Tutafute Sheria kwa Faharasa



Mtu akija hapa Garissa na karatasi za kutumia ardhi ya jamii kwa mradi wake, tusitie sahihi kabla ya kusoma sheria. Sheria za Kenya zimo katika hazina ya Kenya Law kwenye intaneti, na kuzisoma ni bure. Kijana mwenye simu atatusaidia.

1. Tusianze kwa kuandika "ardhi". Majina ya sheria yamo kwa Kiingereza, kwa hiyo huenda tusipate kitu.

2. Tufungue faharasa, yaani orodha ya majina toka A hadi Z.

3. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 tusiitafute kwenye L ya Land. Iko kwenye C: Community Land Act.

4. Ndani yake tushuke na orodha ya vifungu mpaka cha 36.

Hapo tutaona kwamba mkataba na mwekezaji si halali mpaka uidhinishwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii, katika mkutano ulioitwa kwa jambo hilo. Kamati peke yake haitoshi.

Tujadiliane: Kikundini mwetu nani atasoma, na nani atawafasiria wazee kwa Kisomali?