Mawimbi ya Redio Majumbani: Tuogope au Tujifunze?

Wapenzi wanafunzi, katika somo hili tunajibu swali linaloulizwa sana: je, simu ya mkononi na kile kisanduku cha intaneti ukutani vinaleta saratani?

Kwanza tuelewe neno mionzi. Mionzi ni ya aina mbili. Ipo yenye nguvu ya kuharibu chembe hai za mwili, kama eksirei. Hiyo ikizidi ina madhara. Ipo isiyo na nguvu hiyo, kama mawimbi ya redio. Simu na Wi-Fi hutumia aina hii ya pili. Mawimbi haya yakiwa makali sana hupasha joto, kama ifanyavyo oveni ya maikrowevu. Lakini oveni hutumia mamia ya wati, na kisanduku cha intaneti kwa kawaida hutoa kama wati 0.1 tu. Tena ukikaa mbali nacho mara mbili, nguvu inayokufikia hubaki robo.

Hofu imetoka wapi? Mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliyaweka mawimbi haya katika kundi la 2B, yaani huenda yakasababisha saratani. Maana yake ushahidi ulikuwa mdogo, si kwamba jambo limethibitika. Mwaka 2024 uchambuzi wa tafiti nyingi, ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani, haukuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo. Hapa nchini, msimamizi wa usalama wa mionzi ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Mwenye shaka na mnara apeleke suala lake huko.

Basi tufanye nini?

1. Mazungumzo yakiwa marefu, tutumie spika, simu ikae mbali na kichwa.
2. Mtandao ukiwa dhaifu simu hutumia nguvu zaidi, tufupishe maneno.
3. Tuogope kinachoua kweli. Baridi ya Juni na Julai ikishuka kutoka mlimani, tusilale na jiko la mkaa chumbani. Hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki, na huweza kumaliza familia kwa usiku mmoja.

Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuhakikisha habari kabla ya kuifuata. Habari za afya nazo zimo.

Maswali:
(a) Eksirei na mawimbi ya redio vinatofautianaje?
(b) Kundi la 2B lina maana gani?