Kukubali Tatizo la Pombe: Maswali ya Kujipima

Wengi wakisikia neno "mlevi" humfikiria mtu aliyelala mtaroni. Ndiyo maana mkazi wa Parklands anayefika kazini kwa wakati, aliyelipa kodi ya nyumba na karo ya watoto, huona kuwa chupa yake ya kila jioni haina neno. Lakini uraibu haupimwi kwa bei ya kinywaji wala kwa cheo cha mnywaji. Nyumbani watoto huenda tayari wanaijua hali ya mzazi kwa jinsi anavyofungua geti.

Kipimo cha maswali 10

Shirika la Afya Duniani (WHO) lina kipimo cha maswali 10 kiitwacho AUDIT. Kilitokana na utafiti uliofanywa katika nchi sita, Kenya ikiwa mojawapo. Miongoni mwa mambo ambayo mnywaji huulizwa ni haya:

- Katika mwaka uliopita, ni mara ngapi alishindwa kuacha baada ya kuanza kunywa?
- Ni mara ngapi pombe ilimfanya akose kutimiza wajibu wake?
- Ni mara ngapi alihitaji kuzimua asubuhi?
- Ni mara ngapi alisahau yaliyotokea usiku?
- Je, ndugu, rafiki au daktari amewahi kumshauri apunguze?

Majibu hupewa alama, jumla ikiwa 0 hadi 40. Alama 8 au zaidi ni ishara ya unywaji wenye madhara. Aliyepata 20 au zaidi anahitaji kuchunguzwa na daktari kama amekuwa mraibu.

Visingizio

"Naweza kuacha nikitaka." "Nakunywa wikendi tu." "Sijawahi kukosa kazi." Hakuna hata kimoja kinachojibu maswali hayo. Anayejiwekea kanuni ya chupa mbili, kisha akaivunja kila wiki, amekwisha kupata jibu. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

Tahadhari

Kukubali si kumwaga pombe yote na kujifungia chumbani. Mtu anayekunywa kila siku, ambaye mikono humtetemeka asubuhi kabla ya kunywa, asiache ghafla akiwa peke yake. Anaweza kupata degedege, kuchanganyikiwa na hata kufa. Amwone daktari kwanza. Zipo dawa za kumvusha siku hizo za mwanzo.

Pa kuanzia

- NACADA: piga 1192, bila malipo, mchana na usiku. Jamaa wa mnywaji pia anaweza kupiga.
- Hospitali ya Mathari, Barabara ya Thika, hutibu uraibu.
- Vikundi vya Alcoholics Anonymous hukutana Nairobi. Wanachama hutumia jina la kwanza pekee, na sharti la kujiunga ni nia ya kuacha pombe.

Mkazi anaweza kuanza leo: ajibu maswali hayo kwa maandishi akiwa hajanywa, kisha amwonyeshe mtu mmoja anayemwamini.