Silaha chakavu za jeshi huishia wapi?

Swali: Sisi wavuvi wa Minago tunajiuliza: bunduki na risasi zikichakaa jeshini, huenda wapi? Nani anahakikisha hazirudi mitaani?

Jibu: Ndugu zangu, mna haki ya kuuliza. Burundi ilitia saini Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo Aprili 2004. Inazitaka nchi wanachama kuzitambua silaha zilizozidi mahitaji au kupitwa na wakati, kuzihifadhi salama, kisha kuziteketeza au kuziondoa kwa uangalifu. RECSA, kituo cha kikanda cha silaha ndogo chenye makao Nairobi, huratibu utekelezaji.

Lakini kazi yenyewe imo daftarini. Namba ya kila bunduki isomwe ghalani, isomwe tena inapokatwa, mbele ya shahidi asiye mtunza ghala. Hapo katikati ndipo bunduki hupotelea.

Risasi na mabomu hunitia hofu zaidi, kwa kuwa baruti ikizeeka hubadilika na kuwa hatari. Ghala la jeshi lililipuka Mbagala, Dar es Salaam, Aprili 2009, kisha jingine Gongo la Mboto, Februari 2011. Raia wa kawaida walikufa.

Mkiona bomu au risasi ufukweni, msiguse, iteni polisi. Na mbunge wenu mwulizeni taarifa ya uteketezaji.