Utumishi Mdogo Si Mdogo

Wakristo wengi twadhani utumishi ni kazi ya mapadre, wachungaji na watawa, au ya tajiri awezaye kujenga kanisa. Mimi naona sivyo. Katika Injili ya Yohana, sura ya 13, twasoma kwamba Bwana Yesu alijifunga kitambaa kiunoni, akatia maji katika chombo, akawaosha wanafunzi wake miguu. Kazi hiyo ilikuwa ya watumishi. Siku ile aliifanya Mwalimu mwenyewe.

Mfano wa karibu tunao. Huko Chipole, katika mkoa wetu wa Ruvuma, wako masista Wabenedikto, ambao shirika lao lilianzishwa mwaka 1938. Moja ya kazi zao ni kulea watoto yatima. Fikirini kazi yenyewe ilivyo. Mtoto mchanga aliyefiwa na mama hana budi kupewa maziwa kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Vyombo vyake vichemshwe, na nguo zake zifuliwe. Saa nane za usiku hakuna mtu wa kumsifu mlezi. Lakini kazi hiyo ikiachwa siku chache tu, mtoto hufa. Basi tendo halipimwi kwa macho ya mtendaji, bali kwa haja ya mtendewa.

Sisi je? Mwenzetu wa Kidato cha Kwanza akishikwa na malaria usiku bwenini, mama yake hayupo. Anahitaji mtu wa kumwita mwalimu wa zamu, kumpa maji, na kumshikia ndoo anapotapika. Hotuba ndefu juu ya upendo haitamfaa kitu, na malaria kali ikicheleweshwa huua.

Katika jambo hili hatuko peke yetu. Wenzetu Waislamu hufundishwa kwamba hata kuondoa njiani kitu chenye kudhuru watu ni sadaka. Kwa hiyo twaweza kushirikiana bila ubishi.

Nashauri kila bweni liweke zamu ya wanafunzi wawili kila usiku, wa kuwaangalia wagonjwa na kuhakikisha kuwa ndoo ya maji ya kunywa imejaa. Majina yasisomwe mstarini kwa kusifiwa. Mgonjwa akipata nafuu, yatosha.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne
Namasakata