Herufi Nene na Nyembamba: Zitumike Wapi?



Muhula uliopita chama chetu hapa Kitale kiliwaalika wenzetu wa Bungoma kwa mdahalo. Bango niliandika mimi, kwa herufi za kupendeza kweli kweli, kisha tukalipunguza kwa fotokopi na kuwatumia. Mdahalo ulikuwa saa 4 asubuhi. Wageni walitoka kwao gizani, wakafika saa 1 na kutukuta tukinywa uji! Walingoja kwenye baridi saa tatu nzima. Kosa lilikuwa langu, na somo hili ndilo fidia yangu.

Herufi zile hazina vijimkia kwenye ncha, lakini mistari yake hailingani: mmoja mnene kama gunzi, mwingine mwembamba kama uzi. Ukitaka kujua unene huo hutoka wapi, chukua brashi bapa uishike bila kuigeuza. Mstari wima utatoka mnene, mlalo utatoka mwembamba. Mwaka wa 1937, huko Ufaransa, msanii A. M. Cassandre alitoa herufi za chapa za namna hii, ziitwazo Peignot.

Uzuri wake unaonekana zikiwa kubwa na maneno yakiwa machache: jina la saluni, kichwa cha gazeti letu, au lakabu ya matatu kwenye kioo cha nyuma. Hapo macho huvutwa hata kabla ya kusoma.

Zikipunguzwa je? Uzi hukatika. H hubaki vijiti viwili, E hugeuka I, na 4 (ole wangu!) hubaki 1. Hivyo ndivyo fotokopi ilivyonitenda.

Mjerumani Hermann Zapf alipunguza tofauti hiyo. Mwaka wa 1950 aliona maandishi ya kuchongwa katika kanisa la Santa Croce, Florence, akayanakili juu ya noti ya lira 1,000. Hapo ndipo zilipozaliwa herufi za Optima, zilizotolewa 1958. Mstari wake mwembamba bado una nguvu. Majina ya askari kwenye ukuta wa kumbukumbu ya vita vya Vietnam, Washington, uliozinduliwa 1982, yamechongwa kwa herufi hizo.

Basi tukumbuke: herufi za madoido ni za kuita, herufi za mistari iliyolingana ni za kueleza. Tangu 2004 matatu zetu hubeba mstari wa manjano wenye majina ya njia. Mzee aliye stendi akitafuta gari la Bungoma hahitaji madoido pale. Anahitaji kusoma upesi.

Zoezi: Andika BUNGOMA kwa mitindo yote miwili, ubandike ukutani, urudi nyuma hatua 40. Ni herufi zipi zimepotea?

Na kwa wenzetu wa Bungoma: karibuni tena, saa 4 asubuhi. Safari hii nimeandika pia kwa maneno: saa nne.