Bomba la Moshi Ndani ya Kapo

Tukitengeneza kandege ka mfano kenye motere ya metanoli, tunapenda kuficha bomba la moshi ndani ya kapo, ni kusema kile kifuniko cha mbele. Inapendeza, lakini joto linafungwa humo. Motere ikizidi moto inazimika hewani, kandege kanaanguka. Wengine wanaongeza matundu mbele tu. Haisaidie, hewa inakwama. Tundu la kutokea njo liwe kubwa, mara mbili ao tatu kuliko la kuingilia, maana hewa ya moto inapanuka. Bomba lisiguse mbao, motere inatetemeka. Na mdomo wake ufike inje kabisa: mafuta yaliyochanganywa na metanoli yanatoka pamoja na moshi, yakibaki ndani yanalowesha mbao, gundi inaachia.