Uvimbe wa Kwapani Unaokuja na Maziwa

Mwanamke amejifungua salama. Siku ya tatu maziwa yanaingia, na kwapa nalo linavimba, pengine yote mawili. Kushusha mkono ni taabu. Nyumbani huyu anasema mtoki, yule jipu, mwingine anataka wembe. Tunawasihi ndugu zetu wa Ushongo na pwani yote ya Pangani: wembe uwekeni chini.

Mara nyingi uvimbe huo ni ziwa. Mtoto akiwa tumboni, katika wiki za mwanzo za kuumbwa kwake, hutokea mistari miwili kutoka makwapani hadi kwenye kinena. Baadaye hufutika, isipokuwa kifuani, ambapo maziwa huota. Kwa wanawake wapatao 2 hadi 6 katika kila 100 kipande kingine hubaki, hasa kwapani. Wachache huwa na chuchu ndogo juu yake. Wengi hawana alama yoyote, na hawajui mpaka wabalehe, wapate mimba au wajifungue. Hakuna aliyemroga mama huyu, wala hakuvunja mwiko wowote.

Maziwa ya kwapani mara nyingi hayana njia ya kutokea. Ukiyakamua unauchochea mwili utengeneze mengine, na maumivu yanazidi. Bibi au shangazi anayemkanda mzazi kwa maji ya moto anafanya kazi ya huruma, na tunamheshimu kwa hilo. Kwapani asikande wala asichue. Hapo panataka kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, nguo isiyobana, na paracetamol kwa kipimo alichoelekeza mhudumu wa afya. Mtoto aendelee kunyonya maziwa yote mawili kama kawaida. Maziwa anayonyonya ni salama. Sehemu isiyonyonywa huacha kutengeneza maziwa yenyewe, na uvimbe hunywea ndani ya siku au wiki chache.

Lakini si kila uvimbe wa kwapani ni ziwa, kwa hiyo mwonyesheni mhudumu wa zahanati hata kama hauumi. Homa, wekundu, joto au usaha ni safari ya siku hiyo hiyo. Mtoki usioisha, pamoja na kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku au kukonda, unahitaji kipimo cha kifua kikuu na cha VVU. Uvimbe mgumu, usiosogea, unaokua hata kama hakuna mimba wala hedhi, usisubiriwe: saratani inaweza kuota kwenye ziwa la kwapani kama kwenye ziwa lolote. Nendeni Hospitali ya Wilaya ya Pangani; mlio upande wa Ushongo vukeni kwa kivuko cha Bweni. Ikibidi watawapa rufaa hadi Hospitali ya Bombo, Tanga, ambako daktari anaweza kuagiza altrasaundi au kuchukua kinyama kidogo kwa sindano kikapimwe. Baba, nauli hiyo ni yako kuitafuta mapema.

Upasuaji si lazima. Hufikiriwa pale maumivu yanaporudi kila mwezi au mkono unaposhindwa kunyanyuka vizuri, na kwa kawaida husubiri hadi mtoto aachishwe ziwa. Huacha kovu, na baadhi hubaki na ganzi sehemu ya mkono, hivyo muulize daktari kabla ya kukubali.

Mimba ijayo kwapa linaweza kuvimba tena. Mwambie muuguzi siku ya kwanza ya kliniki, aandike kwenye kadi yako.